SHAABANI IPI? Kwa wanaosambaza habari za sheria za uzazi bila kuzisoma



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, leo nina ugomvi na baadhi yenu, na wengine wenu ni watu wa ukurasa huu tangu zamani. Mnivumilie kwa ukali. Someni mpaka mwisho, kisha mjibu.

Kuna sauti ya WhatsApp ya dakika mbili na kitu inayozunguka kwenye magrupu ya misikiti yetu. Mtu analia ndani yake: Bunge limepitisha sheria ya kuua watoto matumboni, Waislamu tumelala, msambazie mwenzako. Nimetumiwa na mtu wa Mombasa, nikatumiwa na wa Tanga, na mwingine yuko Muscat. Nikawauliza swali moja: Bunge lipi? Wa Mombasa akasema la Tanzania. Wa Tanga akasema la Kenya. Wa Muscat akaniambia, "Sheikh, si hilo la huko nyumbani." Nikauliza sheria namba ngapi, na imeanza kutumika lini. Kimya. Mmoja akanijibu kwa hasira kwamba jambo la haramu halihitaji tarehe.

Subhanallah! Halihitaji tarehe?

Wamepokea wanahistoria wetu kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (radhiya Llaahu anhu), akiwa khalifa, aliletewa hati ya deni ambayo muda wake wa kulipwa ni Shaaban. Akauliza: Shaaban ipi? Hii tuliyo nayo, iliyopita, au ijayo? Hati ile haikuwa na mwaka. Ndipo akawakusanya maswahaba, wakashauriana, wakaafikiana kuanza hesabu ya miaka kutoka Hijra. Kalenda unayoifunga Ramadhani kwayo ilipata hesabu ya miaka yake kwa sababu kiongozi mmoja wa Kiislamu alikataa kuamua jambo la watu kwa karatasi isiyo na tarehe. Deni tu. Wewe unasambaza habari ya sheria inayogusa damu ya mama na roho ya mtoto, halafu unasema tarehe ya nini?

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia nini? Si vita, si hata swala. Inazungumzia kuandika. Deni liandikwe, muda wake utajwe, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Basi nielezeni, nyinyi wenye hasira, kwa nini deni la mchele liandikwe, na sheria ambayo mkunga atashtakiwa kwayo isiandikwe?

Sasa niwaambie kuhusu ile sauti. Nilivyoifuatilia maneno yake, inazungumzia muswada wa huduma ya afya ya uzazi uliopelekwa Seneti ya Kenya mwaka 2019. MUSWADA. Muswada ni maombi, sheria ni hukumu. Ule haukuwahi kuwa sheria. Ulikuwepo na muswada mwingine wa aina hiyo katika Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2021, nao ulileta kelele nyingi, kwa haki. Kuupinga muswada ni haki yako, na mimi mwenyewe yako mambo ndani ya miswada hiyo nayapinga mchana kweupe. Lakini kumwambia dada yako kwamba jambo limeshakuwa sheria, na hali halijawa, huo ni uongo, hata kama umeusema huku unalia.

Wako watu duniani ambao kazi yao ni hii hasa. Wanakaa na vitabu vya sheria, nchi kwa nchi, jimbo kwa jimbo, wanaziorodhesha sheria zote zinazogusa uzazi: imepitishwa lini, imeanza lini, kifungu gani, inamruhusu nani, inamwadhibu nani, imefutwa lini. Shirika la Afya Duniani lilifungua hazina ya namna hiyo mwaka 2017, ya sheria za kutoa mimba za nchi mbalimbali, na ukiingia unaoneshwa maandishi ya sheria yenyewe. Pale Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Temple wana kituo kinachofanya kazi hii kwa sheria za afya za aina nyingi. Utaratibu wao ungewafurahisha maulamaa wa hadithi. Sheria moja wanapewa watu wawili, kila mmoja anaisoma peke yake na kujibu maswali yaleyale, kisha majibu yanalinganishwa. Wakihitilafiana, wanarudi kwenye maandishi mpaka wajue nani kakosea wapi. Mashahidi wawili, kila mmoja mbali na mwenzake. Sisi umma wa isnadi, ambao maimamu wetu walisafiri miezi kuhakikisha jina la mpokezi mmoja, leo tunapokea habari za Bunge kutoka kwa "nimeforwadiwa".

Utasema: sawa sheikh, lakini orodha hiyo ina faida gani kwa mama wa Pangani au wa Kwale?

Nipe nafasi nikusimulie kisa, maana jibu lake liko Madina kabla halijakuwa Philadelphia.

Sayyidna Umar aliweka sheria. Beit-ul-mal itawapa watoto posho, lakini ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Sheria nzuri, ya huruma, na kwenye karatasi huoni kosa. Usiku mmoja ulifika msafara wa wafanyabiashara, wakapiga kambi nje. Umar akamwambia Abdurrahman bin Auf waende wakawalinde. Wakawa wanakesha na kuswali. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Allah na amtulize mtoto. Akarudi. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akaja mara nyingine, akamlaumu yule mama. Mama, asiyejua anazungumza na nani, akasema kwamba amechoshwa naye usiku kucha. Yeye anamwachisha mtoto ziwa na mtoto anakataa. Kwa nini unamwachisha? Kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Mtoto ana umri gani? Miezi michache tu.

Umar akaenda kuswalisha Alfajiri, na watu hawakukielewa kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu wote: watoto wangapi wa Waislamu wameuawa na Umar! Kisha akamwamuru mpiga mbiu atangaze: msiwaharakishe watoto wenu kuachishwa, tumeweka posho kwa kila anayezaliwa katika Uislamu. Akaandika hivyo kwenda miji yote. Kisa hiki amekipokea Ibn Saad na wengine.

Hebu kitazame vizuri. Kulikuwa na sheria ya uzazi na malezi, yenye nia njema. Kulikuwa na madhara ambayo aliyeitunga hakuyakusudia. Kulikuwa na mtu aliyeenda kuuliza kwenye chanzo, akataka umri wa mtoto, akaunganisha kilio na kifungu. Halafu sheria ikabadilishwa, na mabadiliko yakaandikwa na kupelekwa kila mji. Ndugu yangu, unachokiita "mambo ya mashirika ya wazungu" kilifanywa na Amirul Muuminina gizani, akiwa na miguu yake tu. Tofauti ni kwamba Umar alikuwa na Madina moja na mtafiti wa leo ana nchi mia na zaidi, hawezi kukesha nje ya kila hema. Anachoweza ni kuchukua tarehe sheria ilipoanza, aiweke kando ya idadi ya waliokufa kabla na baada, kisha aulize. Bila tarehe hana swali. Atasikia mtoto analia, hatajua kwa nini.

Na msidhani sheria za uzazi maana yake ni kutoa mimba peke yake. Huu ni ugonjwa wetu. Mtu akisikia "afya ya uzazi" masikio yanasikia neno moja, mengine yote hayasikii. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Wangapi kati yenu wenye maduka na madrasa mnaowaajiri akina dada mnaijua? (Najua wako walimu wa kike wa madrasa waliorudi darasani na jeraha la upasuaji halijapona, kwa sababu mwenye madrasa alisema ni kazi ya Allah.) Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai Tanzania tangu 1998, na Kenya walitunga sheria kamili juu yake mwaka 2011. Kenya ilitangaza kujifungua bila malipo katika hospitali za serikali kuanzia tarehe 1 Juni 2013. Hizo zote ni sheria na maagizo ya uzazi, na kila moja ina siku yake ya kuanza.

Tazama Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukakadiria 104. Alhamdulillah, na tumshukuru kila mkunga aliyekesha. Lakini nani ameshusha? Vituo vya afya vilivyojengwa? Gari la wagonjwa? Dawa ya kuzuia damu? Sheria au waraka gani? Asiyeandika nini kilianza lini hawezi kujua kipi akishikilie na kipi akiache, na mwaka ujao bajeti ikipungua atakata palepale palipokuwa panaokoa.

Nije sasa kwenye penye moto.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 26(4), inasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya mwenye mafunzo pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ikatoa miongozo ya namna ya kutekeleza. Desemba 2013 ikaiondoa. Februari 2014 ukatoka waraka unaokataza wahudumu wa afya kufundishwa jambo hilo. Katika kipindi hicho binti wa miaka 14 akabakwa, akapata mimba, ikatolewa kichochoroni. Akahamishwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Inna lillaahi wa inna ilayhi raajiuun. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwa miongozo ile kulikuwa kinyume cha sheria, na mama wa binti akapewa fidia.

Angalia jambo moja tu hapa, acha mabishano mengine. Katiba ya 2012 na katiba ya 2014 ni moja, haikubadilika herufi. Kilichobadilika ni barua za wizara. Mtu anayefuatilia katiba peke yake atasema Kenya hakukutokea kitu miaka hiyo. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hajui kama akimgusa mgonjwa ataitwa muuaji au ataitwa mzembe, atakwambia kulitokea kitu kikubwa. Kwa hiyo anayeandika sheria lazima aandike na miongozo, na nyaraka, na hukumu za mahakama. Hukumu nayo si sawa na marekebisho. Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 2016 ilivitaja vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 kuwa vinapingana na katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, lakini kifungu hubadilishwa na Bunge. Kuna msomi mzima aliandika kwamba siku ile ya hukumu sheria "ilifutwa". Haikufutwa siku ile.

Majirani zetu ndiyo usiseme. Rwanda ilipotunga kanuni yake ya adhabu ya 2018 iliondoa sharti la kwenda kwanza kutafuta amri ya mahakama. Kongo waliridhia Itifaki ya Maputo miaka mingi nyuma, lakini ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, na hapo ndipo mahakimu na madaktari wakaanza kuitazama kwa jicho jingine. Tanzania na Kenya zote zimeridhia itifaki hiyohiyo, ila Kenya iliweka pingamizi kwenye kipengele cha kutoa mimba na Tanzania haikuweka. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, mbali na ya Bara. Halafu mtu anaweka ramani ya Afrika yenye rangi tatu, anasema hii ndiyo hali. Rangi tatu!

Mtaniambia: sheikh, hao wanaofuatilia sheria wana ajenda, wanataka haramu ihalalishwe.

Wengine, ndiyo. Kituo kimoja maarufu kule New York, Center for Reproductive Rights, kinachapisha ramani ya sheria za kutoa mimba za dunia nzima, na kinaendesha kesi mahakamani ili ziruhusu zaidi. Hakijifichi. Mimi sikubaliani na lengo lao. Lakini Abu Hurayra (radhiya Llaahu anhu), alipokuwa analinda zaka, alimkamata mwizi aliyemfundisha Ayatul Kursiy, na Mtume (swalla Llaahu alayhi wa sallam) akamwambia kwamba amesema kweli ingawa ni mwongo mkubwa, na kwamba yule alikuwa shetani. Ikiwa neno la kweli lilikubaliwa kutoka kwa shetani, je, tarehe iliyonakiliwa kutoka gazeti la serikali? Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari ya fasiki, haikusema tuichome kabla ya kuihakikisha. Fungua kifungu, soma. Wakikosea, waandikie, warekebishe. Na aya ya nane ya Suratul Maida imetukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Mimi naliona tatizo jingine kubwa zaidi: kalamu tumewaachia wao peke yao. Tunaopinga tuna vipaza sauti, wanaounga mkono wana daftari. Mbele ya kamati ya Bunge, mwenye daftari anasikilizwa. Unakwenda na aya na machozi, mwenzako anakwenda na vifungu, miaka na idadi ya maiti. Halafu ukishindwa unasema Bunge limenunuliwa.

Na anayetaka marufuku ndiye anayehitaji hesabu hii kuliko wote, kwa sababu ana dhima. Romania mwaka 1966, serikali ya kikomunisti ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba kwa karibu kila mtu, na uzuiaji mimba ukawa mgumu kupatikana. Si kwa ajili ya Mungu, hawakumwamini. Walitaka idadi ya watu. Mwaka uliofuata vizazi vilikaribia kuwa maradufu. Baadaye watu wakazoea, vizazi vikashuka, na wanawake wakawa wanakufa vichochoroni. Mwaka 1989 vifo vya akina mama vilikuwa yapata 170 kwa kila vizazi hai 100,000. Amri ikafutwa Desemba ile, na mwaka 1990 vikawa kama nusu yake. Marekani nako, Texas iliweka sheria yake kuanzia tarehe 1 Septemba 2021. Watafiti wakalinganisha 2021 na 2022, wakaona vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vimepanda Texas kwa karibu asilimia 13, na sehemu nyingine za nchi chini ya asilimia 2, na vifo vya watoto waliozaliwa na kasoro za kimaumbile vilipanda zaidi ya hapo.

Je, hii inafanya haramu kuwa halali? Hapana, na asinisingizie mtu. Hukumu ya Allah haipigiwi kura na takwimu. Lakini Umar hakusema "nia yangu ilikuwa njema" alipomsikia mtoto. Ukiweka katazo, jiandae na wagonjwa watakaokujia. Nani atamtibu anayevuja damu? Nani atambeba yule aliyezaa mtoto asiyeweza kuishi? Katazo lisilo na majibu hayo ni mlango umefungwa huku watu wako ndani.

Na fiqhi yetu ina upana kuliko zile dakika mbili za WhatsApp. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 1990, liliamua kwamba baada ya siku 120 mimba haitolewi hata mtoto akigundulika ana kasoro, isipokuwa jopo la madaktari waaminifu lithibitishe kuwa kubaki kwake ni hatari ya hakika kwa maisha ya mama. Kabla ya siku hizo likatoa nafasi kwa kasoro kubwa isiyotibika, kwa uthibitisho wa jopo na ombi la wazazi. Malik na wafuasi wake wana ukali wao, Mahanafi wana nafasi zao, na Mashafii wana mjadala wao kabla ya siku 40. Tunisia wameruhusu miezi mitatu ya mwanzo tangu 1973. Iran waliweka sheria ya 2005 kwa mimba ya chini ya miezi minne kwa masharti ya kitabibu, kisha wakaikaza mwaka 2021. Anayesema "sheria za nchi za Kiislamu ziko hivi" hajazisoma.

Hapohapo kuna mtego wa hesabu ambao wakunga wanaujua na masheikh wengi hatuuzungumzi. Daktari anahesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku 120 za hadithi ya Ibn Mas'ud wanavyuoni wanazihesabu kuanzia mimba kutungwa. Kati ya hesabu hizi kuna kama wiki mbili. Siku 120 ni wiki 17 na siku moja, na kwenye kadi ya kliniki itasomeka wiki 19. Hata zile "wiki sita" za Texas ni kama wiki nne tu tangu kutungwa. Sheria inayosema "wiki kadhaa" bila kusema zinahesabiwa kutoka wapi ni hati ya Shaaban isiyo na mwaka, na fatwa hivyo hivyo. Dada akiuliza "niko wiki 18" na sheikh akamjibu "umeshapita", amekosea hesabu, na hesabu hiyo ni ya roho.

Nawaomba msiruke hapa, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Watafiti wanafuatilia Bunge, mahakama na wizara. Lakini mke wa mvuvi kule Lamu au Kilwa anafuata nini? Hajaiona Ibara ya 26. Kabla hajapanda boti kwenda hospitali, mumewe anampigia simu ustadhi. Sisi ndio bunge lake. Sisi tunatunga sheria ya uzazi kwa sauti ya sekunde arobaini, haina namba, haina tarehe, haina kifungu, na hakuna daftari linaloihifadhi. Mama anapofia njiani, takwimu zitaandika umbali wa kituo. Nani ataandika kwamba alisubiri jibu letu tangu Adhuhuri mpaka Isha?

Kwa mfano hili: mwanamke ambaye mimba imemharibikia mwenyewe, anavuja damu, anaogopa kwenda hospitali kwa sababu amesikia msikitini kwamba serikali inakamata wanaotoa mimba. Damu inamtoka na anachoogopa ni tetesi. Katiba ya Kenya, Ibara ya 43(2), imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 230, inamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kumtibu anayevuja damu si kosa. Sisemi kwa fatwa yangu, ndivyo ilivyoandikwa. Lakini nani amemsomea? Sauti ya dakika mbili imemfikia, kifungu cha 230 hakijamfikia.

Basi kwa upande wa ukurasa huu, kila jibu la suala la uzazi litakuwa na tarehe, nchi ya muulizaji bila jina lake, umri wa mimba kwa hesabu ya kliniki na kwa hesabu ya kutungwa, na dalili niliyoitegemea. Nikirejea kauli, kauli ya zamani itabaki na itaandikwa pembeni lini imeachwa. Mtafiti yeyote, Muislamu au asiye Muislamu, akitaka kusoma, asome. Masheikh wenzangu mnaonifuata, nawaomba mfanye vivyo hivyo, kila mmoja kwake. Na nyinyi wakunga na wauguzi wa Kiislamu, ambao nawajua mko wengi humu, niandikieni neno ambalo akina mama wanawaambia "sheikh amesema" na nyinyi mnaona linawachelewesha kufika wodini. Msitaje jina la mgonjwa wala la sheikh. Andikeni neno lenyewe, na mwaka mliolisikia.

Na yule ndugu wa Muscat, ile sauti ukitumiwa tena, mjibu aliyekutumia kwa maneno mawili tu: Shaaban ipi?

Wallaahu a'lam.